Jina la ADHD kwa Mwanamke Mtu Mzima

Kwa Kiswahili, ADHD mara nyingi huelezwa kuwa tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza. Maelezo hayo yanaeleweka, lakini neno utundu linanisumbua. Tukisema mtundu, tunamfikiria mtoto, tena wa kiume, anayepanda meza darasani. Mwanamke wa miaka 35 hajioni humo, wala hafikirii kwenda kwa daktari.

Mtazame nyumbani kwake. Amebandika maharage, akakumbuka nguo alizoloweka tangu jana. Anapozifuata anaona ujumbe wa mwalimu wa mtoto, anaketi kuujibu, na kinachomwinua ni harufu ya kuungua. Mwili umetulia, mawazo ndiyo yanayokimbia. Watu humwita mzembe, naye kwa uchungu anakubali.

Neno upungufu nalo halikai vizuri. Mwanamke huyohuyo akipata kazi inayomvutia huizamia hadi usiku wa manane, chakula akisahau. Umakini anao, kuuelekeza panapotakiwa ndiko kugumu. Kwa hiyo napendekeza tatizo la kuongoza umakini na kutotulia, kwani mtu aweza kutotulia kwa mwili au kwa mawazo.

Wanawake wengi kama huyu hujitambua mtoto wao anapopimwa, baada ya miaka ya kutibiwa wasiwasi au sonona tu. Hapo maamuzi huanza, na si mepesi. Methilifenideti, dawa inayotumiwa kwa ADHD na iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, inadhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, hivyo haitolewi bila cheti cha daktari. Haiponyi: kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa takribani saa 4, kama miwani inavyosaidia ikiwa usoni. Anayetarajia kushika mimba, au anayenyonyesha, alizungumze hilo na daktari kabla ya kuanza. Wengine hutangulia na ushauri nasaha, wengine huchanganya vyote viwili, na wapo wanaopata nafuu kwa kujua tu kinachowasumbua. Asiwepo wa kuwaharakisha.

Anayeamua kwenda hospitali abebe ripoti zake za shule, au afuatane na ndugu aliyemwona akikua. Mwongozo wa Marekani wa DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Awali ilikuwa 7. Kwa msichana aliyekaa kimya dawatini, pengine ushahidi wote umo katika maoni ya mwalimu wa darasa: ana uwezo, ila hajitumi.