Programu-jalizi za GIMP katika Linux: aina, makazi na usakinishaji

Programu-jalizi ni programu ndogo isiyosimama peke yake, inayopachikwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi ambayo haikuja nayo. Programu kubwa inayohusika hapa ni GIMP, kihariri picha huria kilichoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mazingira ni studio ya picha ya Kahama, Katoro au Geita mjini, nchini Tanzania, ambako kompyuta ya mtumba yenye Linux humudu picha za pasipoti, za harusi, na zile za marehemu zinazokuzwa na kutiwa fremu.

Programu-jalizi hutofautishwa na malighafi. Brasi, ruwaza, fonti na paleti za rangi ni malighafi: hutumiwa, lakini hazitendi lolote zenyewe. Programu-jalizi hutenda. Huendeshwa kama mchakato wake pembeni ya GIMP, na ikikwama kwa kawaida huanguka peke yake, picha iliyokuwa wazi ikabaki. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba hata kazi ya kufungua na kuhifadhi picha za JPEG na PNG hufanywa na programu-jalizi, zile zinazokuja na GIMP yenyewe.

Kwa lugha zilizoandikiwa, ziko za aina tatu kuu. Ya kwanza ni zilizoandikwa kwa C au C++ na kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Hizi ndizo za kasi zaidi. Ya pili ni za Python. Ya tatu ni hati za Script-Fu, zenye faili la kiambishi .scm, ambazo husomwa na mkalimani anayekuja na GIMP.

Kwa kazi, orodha ni ndefu, ila mbili zinafaa kuelezwa. G'MIC, iliyotoka katika maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa, mwaka 2008, ina vichujio zaidi ya 500, vikiwemo vya kupunguza chembechembe za picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu. Resynthesizer huziba sehemu iliyochaguliwa kwa kuiga kilichoizunguka. Kwa mfano, mchimbaji wa madini aliyetoka duarani, yaani shimoni, moja kwa moja kwenda kupiga picha ya kitambulisho huja na vumbi jekundu kwenye kola. Doa likizungushiwa mstari wa uteuzi na amri ya kuponya ikatolewa, kitambaa hujaa palepale. Kazi hiyo kwa mkono huhitaji subira ya mshona shanga.

Kwa asili, programu-jalizi hupatikana kwa njia tatu. Njia nyepesi ni hazina rasmi ya Linux inayotumika: katika Debian na Ubuntu zenye GIMP 2.10, amri sudo apt install gimp-gmic huleta G'MIC pamoja na vyote inavyovitegemea. Kinacholetwa huitwa kifurushi, neno lilelile la muda wa intaneti unaonunuliwa kwenye simu, na kifurushi cha kwanza hula cha pili. Njia ya pili ni Flatpak, inayoiweka GIMP ndani ya uzio wake. GIMP ya namna hiyo haizioni programu-jalizi zilizoletwa na apt, bali hutaka zile zilizotayarishwa kwa Flatpak, za toleo lake. Njia ya tatu ni faili lililopakuliwa na kuwekwa kwa mkono.

Makazi ya faili la mkono hutegemea aina yake na toleo la GIMP. Kwa toleo 2.10, hati za .scm hukaa katika ~/.config/GIMP/2.10/scripts, na zilizobaki katika folda jirani ya plug-ins. Folda ya .config imefichwa kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Katika vidhibiti-faili vingi Ctrl na H huifichua. Toleo 3.0, lililotoka Machi 2025, linataka kila programu-jalizi iliyo katika plug-ins iwe ndani ya folda yake yenye jina lilelile la faili. Programu-jalizi ya 2.10 kwa kawaida haifanyi kazi katika 3.0 bila kurekebishwa. Aidha, Ubuntu tangu 20.04 iliondoa Python 2 katika GIMP, hivyo programu-jalizi za zamani za Python hazitokei kwenye menyu hata zikiwekwa mahali pake.

Ruhusa ya kuendesha, ambayo kila programu-jalizi iliyo katika plug-ins huihitaji, ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi, na kwa ukanda huu usumbufu huo una sababu ya pekee: faili husafiri kwa flashi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyohifadhi ruhusa za Linux. Faili lililokuwa likiendeshwa vizuri kwenye kompyuta ya Mwanza huweza kufika Katoro likiwa faili tu. GIMP hulipita, menyu haibadiliki, na pengine hakuna onyo lolote linalotokea mbele ya mtumiaji. Tiba ni chmod +x ikifuatiwa na jina la faili. Kinga ni kulifunga faili kwa tar kabla ya kulitia kwenye flashi, kwa kuwa tar huandika ruhusa ndani yake. Hati za .scm zilizo katika folda ya scripts hazihitaji ruhusa hiyo.

Uhakiki hufanywa kwa kuifunga GIMP na kuifungua upya. Inapowaka hupekua folda zake, huuliza kila programu-jalizi mpya inafanya nini, kisha huandika majibu katika faili liitwalo pluginrc. Hati za Script-Fu huweza kusomwa upya kutoka menyu ya vichujio bila kuifunga.

Iliyoletwa na apt huondolewa kwa apt remove. Iliyowekwa kwa mkono hufutwa faili lake, na GIMP ikiwaka tena huiondoa kwenye menyu.