Maji ya Kunyolea

Methali isemayo "Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji" hufundishwa katika shule zetu zote, na hapana mwanafunzi asiyeweza kuieleza maana yake: anayeona jambo limemfika jirani na ajiandae, kwani zamu yake yaja. Lakini ni mara chache mwalimu huuliza swali jepesi lililomo ndani yake. Ni maji kiasi gani? Methali haisemi, wala haikuwa na haja ya kusema. Wazee waliotuachia maneno hayo walijua kwamba mtu aliyekaa akingojea wembe hutia mkono bakulini, huchota kiasi cha kiganja, huzilowesha nywele zake, kisha hungoja.

Katika kungoja huko ndimo ilimo elimu yote ya kunyoa. Nywele kavu ni ngumu; huutia wembe butu na kumtia mnyolewaji uchungu. Zikilowa kwa dakika mbili tatu hufyonza maji, hunenepa kidogo na kulainika, na hapo wembe hupita bila kukwaruza. Sabuni huyazuia maji yasikauke upesi na kuufanya wembe uteleze. Baada ya hapo maji hayana kazi nyingine ila kuusuuza wembe na kuuosha uso. Kwa hiyo kazi kubwa ya maji huisha kabla wembe haujagusa ngozi, na kazi hiyo hutimizwa kwa maji yasiyojaza kikombe.

Wahenga wetu hawakuhitaji kuambiwa haya na mtaalamu. Wembe wao ulifuliwa na mhunzi, ukanolewa juu ya jiwe, na siku za kunyoa zilikuwa siku zenye uzito. Mtoto mchanga alinyolewa nywele za tumboni. Katika makabila mengi ya bara wafiwa walinyolewa matanga yalipokwisha. Vijana walinyolewa walipotoka jandoni. Katika mambo hayo yote palikuwa na chombo cha maji kando ya mnyoaji: kibuyu kilichopasuliwa, kata ya kifuu, au bakuli la udongo. Chombo kilikuwa kidogo, na hakikuwa kidogo kwa bahati tu. Maji yaliyokuwamo yalikuwa yametoka kisimani au mtoni juu ya kichwa cha mwanamke, na mwanamke huyo hakuwa mbali. Alikuwa mama, mke, dada au binti wa yule anayenyolewa. Aliyeyamwaga ovyo aliyamwaga mbele ya macho ya aliyeyateka. Sisi twaamini kwamba kipimo cha kale hakikuwa katika chombo hata kidogo. Kilikuwa katika uso wa mtekaji.

Bomba ndilo lililomwondoa mtekaji machoni. Neno lenyewe tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya chombo cha kuvutia maji. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, na hata leo watu wa Unguja na Mombasa huita maji hayo ya mfereji. Bara, wakati wa ukoloni, bomba la ndani ya nyumba lilikuwa alama ya cheo: mzungu alikuwa nalo bafuni, karani alikuwa nalo uani, na wengine wote waliuendea mto. Baada ya Uhuru nchi yetu ilijitwika kazi ya kuifuta tofauti hiyo. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 uliokusudia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati wake, lakini lisidharauliwe. Lilikuwa lengo la watu waliojua uzito wa mtungi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walipima matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1972 wakayachapisha katika kitabu. Jambo walilolikuta halimshangazi mwanamke yeyote wa kijijini. Mtu wa nyumba yenye bomba ndani alitumia maji mara nyingi zaidi ya mtu wa nyumba ya kuteka. Wenzao waliporudi mahali pale pale miaka 30 baadaye, walikuta kwamba wateka maji walikuwa wameongeza matumizi karibu mara mbili, na wenye mabomba wameyapunguza kwa karibu nusu. Wasomaji wasidhani kwamba wenye mabomba walikuwa wameongoka. Mabomba yao yalikuwa yameanza kukauka.

Tuje sasa Kidatu. Mahali hapa Mto Ruaha Mkuu huiaga milima na kuingia katika bonde la Kilombero, na hapa ndipo nchi ilipoamua kuyafanya maji yawe umeme. Mitambo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, na mwaka 1980 ikakamilika mitambo minne yenye uwezo wa megawati 204. Mwaka huo huo wa 1980 likamalizika bwawa la Mtera, mbali juu ya mto, ili liyahifadhi maji ya masika kwa ajili ya Kidatu wakati wa kiangazi. Reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha pita, viwanda vya sukari vilikuwa vinasaga miwa, na watu wa kila kabila walikuja kutafuta kazi kando ya Wavidunda, Wambunga na Wapogoro waliokuwa wenyeji wa sehemu hizi.

Baba yetu alikuwa mmoja wa hao waliokuja. Tulipokuwa wadogo tulihamia katika nyumba ya wafanyakazi yenye bafu, na ndani ya bafu mlikuwa na sinki jeupe lenye koki mbili, ingawa moja tu ndiyo iliyotoa maji. Juu yake palikuwa na kioo. Kila asubuhi baba alisimama pale, akafungua koki, akapaka sabuni, akanyoa ndevu zake taratibu kama mtu anayesoma barua, na maji yakamiminika tangu mwanzo hata mwisho. Hakuwa mbadhirifu. Alikuwa mtu wa kuhesabu senti na kukunja mifuko ya karatasi. Lakini maji yale yalikuja yenyewe na kwenda yenyewe, na sauti yake, tunadhani, ilimwambia kwamba amefika mahali fulani maishani. Mama, ambaye aliteka maji tangu utoto wake, hakuivumilia sauti ile. Aliingia, akaifunga koki bila kusema neno, akatoka. Baba aliusuuza wembe, akaiacha wazi tena.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haimwonei mtu. Koki ikitoa lita 6 kwa dakika, na mtu akinyoa kwa dakika 5, amemwaga lita 30. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba mwananchi wa kijijini apate walau lita 25 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufulia. Kwa hiyo kidevu kimoja, kabla ya chai ya asubuhi, chaweza kuyapita mahitaji ya mtu mzima ya kutwa nzima. Anayenyoa kwa bakuli hutumia lita moja, au mbili akipenda kujisafi sana. Na kwa kuwa tupo Kidatu, tuongeze hesabu ya pili. Maji yaendayo kwenye mitambo hushuka mita zipatazo 175. Lita 30 zikishuka kimo hicho, baada ya kutoa kinachopotea njiani, zaweza kuwasha taa ya wati 60 kwa dakika kumi na ushei. Hatusemi kwamba maji ya sinki letu yangepita mitamboni. Twataka tu mwanafunzi aone kwamba kitu kile kile kina thamani mbili.

Thamani hiyo ilidhihirika katika miaka ya 1990. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ndani ya mbuga iitwayo kwa jina lake, ulianza kukatika wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee hawakuwa wamelizoea. Miaka ya 1994 na 1995 maji ya Mtera yalipungua, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Mwaka 2006 mgao mkali ukarudi. Hapa yatupasa tuseme kweli. Hapana kidevu kilichoukausha Ruaha. Mto huu hupata maji yake juu, katika nyanda za Usangu, na huko mifereji ya mashamba iliendelea kuyachepusha maji hata wakati wa kiangazi. Kadhalika walikuwapo wataalamu waliosema kwamba maji ya bwawa yenyewe hayakugawiwa kwa busara. Anayemlaumu mwananchi wa kawaida kwa koki yake na kuyasahau hayo yote humdanganya. Lakini mkulima wa Usangu aliyeacha mfereji wazi usiku kucha, na baba yetu mbele ya kioo, walikuwa na jambo moja la kufanana: hakuna kati yao aliyemwona mtu wa chini aliyekuwa akiyangojea maji hayo.

Kunyoa nako kulikuwa kunabadilika. Mwaka 1983 waligunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, huko Kagera, na katika miaka iliyofuata watu wakafundishwa kwamba wembe mmoja usiguse ngozi mbili, hata ukisuuzwa. Wembe wa kijiji ukafikia mwisho wake. Vinyozi wa mijini wakachukua mashine za umeme, zinyoazo nywele kavu, na bakuli likaondoka mezani. Tunawajua vijana walionyolewa tangu utotoni bila kutiwa tone la maji kichwani. Kwao methali yetu ni fumbo tupu. Nasi tulipata kuyaona, katika mgao wa 1995, mambo ambayo mtunga methali asingeyaota: kijana ameketi kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, umeme umekatika, na wenziwe waliokuwa wakingoja zamu wanacheka. Kinyozi akatoka nje kutafuta wembe na kikombe cha maji.

Katika majuma hayo mabomba ya nyumba yetu nayo yalikauka, na mama, akiwa mtu mzima sasa, akatoa ndoo zake chini ya kitanda na kwenda mtoni pamoja na majirani. Asubuhi ya kwanza baba alikwenda kwenye sinki kama kawaida, akaigeuza koki, akasikia hewa inafoka. Akasimama kitambo. Mama akamletea kikombe cha bati kilichojaa maji, akakiweka ukingoni mwa sinki, akaondoka. Baba alinyoa kwa kikombe kile, polepole kuliko siku zote, akiuchovya wembe na kuukung'uta, na alipomaliza maji yalikuwa yamebaki nusu.

Mabomba yalirudi baadaye, lakini kikombe hakikuondoka pale. Baba aliishi miaka mingine mingi, akastaafu, akajenga nyumba yake ndogo isiyo na sinki. Kila asubuhi alikitundika kioo kwenye mwembe, akakiweka kikombe juu ya kigoda, akanyoa. Yale maji yaliyobaki, meupe kwa povu, aliyabeba mwenyewe hadi nyuma ya jiko na kuyamwaga shinani mwa mgomba wa mama.