Kuasili kwa Kujuana

Mtoto aliyechukuliwa na wazazi wasiomzaa, kamusi za zamani zilimwita "mtoto wa kupanga". Ukisema hivyo leo Makambako, mji wenye nyumba tele za kupangisha kandokando ya barabara kuu ya Zambia, watu watadhani mtoto analipa kodi. Istilahi ya maofisa ustawi wa jamii sasa ni kuasili. Sikio linaweza kuliunganisha na kuasi, lakini chanzo chake ni asili: mtoto anapewa chimbuko jipya. Chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mahakama ikishatoa amri, haki na wajibu wa waliomzaa hukoma, naye huhesabiwa mtoto wa waliomwasili.

Sasa yule mwanamke wa kwanza aitweje? "Mama mzazi" halitoshi. Hospitalini mzazi ni aliyejifungua juzi. Shuleni mzazi ni anayeitwa kikaoni na kudaiwa michango. Baada ya amri, wanawake wote wawili huweza kuitwa wazazi. Kwenye maandishi utakuta "mzazi wa kibiolojia", na mimi silipendi: linanuka maabara. "Mama aliyemzaa" linataja alichofanya bila kumpunguzia mwenzake kitu.

Mkoani Njombe, iliko Makambako, suala hili lina uzito wake. Tafiti za kitaifa za VVU ziliuweka mkoa huu juu kuliko yote nchini kwa kiwango cha maambukizi: asilimia 14.8 mwaka 2011–12, na bado 12.7 mwaka 2022–23. Watoto wengi waliofiwa wamekuzwa na bibi, shangazi au mama mkubwa bila kufika mahakamani. Wengine mama zao wako hai, wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, wanatuma pesa ya sare. Huko ni kulea. Bibi hajaasili mjukuu, maana hakuna uzazi uliokomeshwa. Wala usimwambie kwamba anatoa "malezi ya kambo", kama nyaraka zinavyoyaita malezi ya muda katika familia nyingine; yeye kambo analijua kwa mama wa kambo.

Kinachokosa jina lililozoeleka ni hali ya katikati: amri imetolewa, lakini aliyemzaa anaendelea kumtembelea mtoto. "Kuasili kwa wazi" linaeleweka, ila halisemi ni nini kimewekwa wazi, wala kwa nani. Napendekeza kuasili kwa kujuana. Kiambishi -an- kinadai pande zote mbili: mtoto anamjua aliyemzaa, naye anajua mwanawe analala wapi. Kwa kichanga kilichookotwa bila jina la mama, kuasili peke yake kunatosha.