Mafungu ya Usukumani: Hesabu ya Mizani na ya Duara

Hesabu za sehemu hazikuja pwani pamoja na shule ya serikali. Zilikuwapo chuoni, katika elimu ya mirathi, ambako mafungu yaliyotajwa ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mwanafunzi aliyeambiwa ampe mjane thumuni yake na mama sudusi yake alilazimika kutafuta asili moja itakayoyabeba yote mawili, nayo ni 24. Akikosea, yupo aliyepunjwa.

Shinyanga na nchi ya Geita fungu lilifundishwa penginepo. Si kwamba Wasukuma walipungukiwa na hesabu: huhesabu itandatu, mpungati, inane, kenda, na msomaji wa tenzi za kale atawatambua humo ndugu zao, tandatu, fungate, nane na kenda. Sisi wa pwani ndio tuliokwenda kuazima sita, saba na tisa kwa Waarabu.

Mwalimu wa fungu huko bara alikuwa mzani wa pamba. Mkulima aliuza kwa ratili, bei ikatajwa kwa senti, na ratili chache zilizopotea katika kila gunia zilikuwa kodi isiyoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walidai wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mzani wa mnunuzi. Kutokana na dai hilo, chini ya Paul Bomani, vikatoka vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria. Wanahistoria wa siasa hulitaja jambo hili kama mwamko wa taifa. Naam, ni mwamko. Lakini kwanza lilikuwa swali la kutoa na kugawanya, na chama kilihitaji makarani wanaoweza kulijibu. Miaka hiyo zilikuwapo shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na aliyezipitia hakuwa mtu wa kupuuzwa penye daftari la pamba.

Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia darasa zote za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka uo huo. Waliotunga istilahi za Hisabati sidhani kama wamepata shukrani wanayostahiki. Namba iliyo chini ya mstari wakaiita asili, neno zuri, kwani ndiyo inayosema kitu kizima kimekatwa mara ngapi. Iliyo juu wakaiita kiasi, ambalo kwangu ni neno pana mno. Sehemu ambayo kiasi chake chaishinda asili ikawa sehemu guni. Mshairi hatakosa kutabasamu, maana guni kwetu ni shairi lililopotewa na mizani. Zikaja namba hasi, pembetatu, mzingo na nusukipenyo. Mtoto wa Kahama aliyekuja shuleni na Kisukuma chake alikutana na lugha ya pili, lakini ni lugha aliyoisikia pia gulioni.

Kidato cha kwanza maneno yote hayo huachwa mlangoni. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilizitaja lugha zote mbili; hata hivyo mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne bado huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Usukumani hujifunza theluthi mara tatu, na kila mara kama mgeni.

Na nchi yenyewe imejaa mafungu. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 chini ya sheria ya 1998, ukawa 4 mwaka 2010, kisha 6 mwaka 2017, mwaka ambao sheria iliipa Serikali pia hisa zisizopungua asilimia 16. Taifa zima likabishana juu ya asilimia, wengi bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Kwa wachimbaji wadogo shimo huitwa duara, ingawa mengi yamekatwa pande nne na kuzuiwa kwa magogo. Mwalimu wa maumbo aliyehamia Geita na aanzie hapo. Kushuka kwa kamba chini ya usawa wa ardhi ni mstari wa namba hasi uliosimamishwa wima. Watoto wameonekana katika machimbo hayo, na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliwaandika.

Viroba vya mawe vikipandishwa, mwenye leseni hutwaa fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao. Tuseme lao ni theluthi na wao ni sita: kila mmoja ana moja ya kumi na nane. Mmoja akiondoka kabla ya kugawa, asili hugeuka kumi na tano, na hapo ugomvi huanza. Mirathi haikutuachia jina la fungu la kumi na nane wala la kumi na tano. Kiswahili cha shule ya msingi kinayataja yote mawili, na kijana aliyeacha masomo darasa la saba akashuka duarani aliwahi kuyaandika ubaoni.