Jambo OpenOffice: Tafsiri Yetu, Mfuko wa Wengine

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Mbarara, wenye wanafunzi kutoka Endiinzi na makazi ya Nakivale, tuna funzo katika historia ya Jambo OpenOffice. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa programu hiyo kwa Kiswahili, bila malipo. Hata hivyo, mfadhili mkuu wa OpenOffice ilikuwa kampuni ya Sun, iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mwaka huohuo wachangiaji wengi walijitenga, wakaanzisha LibreOffice. Waliweza kwa sababu leseni iliruhusu kunakili msimbo. Basi kabla ya kuhifadhi kamusi na mitihani yetu katika programu yoyote, tuulize: nani anaigharamia? Na tukihama, tutatoka na kazi yetu?