Je, polisi anaweza kupekua simu yako bila kibali? Hizi hapa haki zako Kenya

Umeshuka matatu saa mbili usiku. Afisa wa polisi anakusimamisha: toa simu, ifungue. Hajakuambia anakushuku kwa kosa gani. Je, lazima uifungue?

Katiba inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Kinakulinda wewe, nyumba yako na mali yako dhidi ya upekuzi, na pia mawasiliano yako. Haki hii inaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria tu na kwa sababu nzito. Amri ya afisa barabarani pekee haitoshi.

Barabarani

Polisi wanaweza kumpekua mtu au gari bila kibali iwapo kuna sababu ya kushuku, kwa mfano, kwamba kuna mali ya wizi. Kupita tu mahali hapo usiku si sababu. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha.

Nyumbani

Kwa kawaida kinahitajika kibali cha mahakama, kinachotolewa baada ya polisi kueleza sababu zao chini ya kiapo. Hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Kuna hali za dharura ambapo polisi wanaweza kuingia bila kibali, lakini lazima wawe na sababu za msingi.

Na simu je?

Hapa ndipo wengi huteleza. Kushika simu ni jambo moja. Kusoma meseji zako ni jingine. Sheria ya Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inawataka polisi waende mahakamani kuomba kibali cha kupekua data iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Ukifungua kwa hiari yako, umewarahisishia kazi.

Ufanye nini?

Usibishane kwa nguvu wala kukimbia. Uliza kwa utulivu: nashukiwa kwa lipi? Kibali kiko wapi? Sema wazi kwamba hujakubali kupekuliwa. Soma jina au nambari kwenye sare, kumbuka saa na mahali, kisha upeleke malalamishi kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.

Ukishtakiwa, wakili wako anaweza kutumia Kifungu cha 50 kuomba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki zako utupwe. Mahakama itaukataa ikiona utaharibu haki katika kesi.