Kutoka Bahari Kuu Hadi Mdomo wa Mto

Septemba 8, 2018, bomba la plastiki la urefu wa mita 600 lilikokotwa kutoka San Francisco, likapita chini ya daraja la Golden Gate huku kamera zikilifuata. Lilikuwa na taa, vihisio na mawasiliano ya setilaiti, na chini yake pazia la mita 3. Injini hakuna. Waliolitengeneza walilipa jina Wilson. Eti lingeelea lenyewe Bahari ya Pasifiki, lijikunje kama herufi U na kuzoa plastiki, kisha meli ipite kuichukua mara moja moja kama lori la taka.

Miezi minne haikuisha. Plastiki iliingia ikatoka, kwa sababu mara nyingine Wilson alienda polepole kuliko taka zenyewe. Mwisho wa Desemba kipande cha mita 18 kikakatika. Januari 2019 Wilson alikuwa Hawaii, amekokotwa tena.

Hadithi hii ilianza 1997, wakati nahodha Mmarekani Charles Moore, akirudi California kutoka mashindano ya mashua, alipokatiza sehemu ambayo mabaharia huikwepa kwa kukosa upepo. Siku baada ya siku aliona plastiki tu. Baadaye watu wakaanza kusema kuna kisiwa cha takataka huko. Lakini si kisiwa. Huwezi kusimama juu yake. Utafiti wa 2018 ulikadiria tani 79,000 hivi katika kilomita za mraba milioni 1.6. Piga hesabu: ni kama kilo 50 kwa kila kilomita ya mraba. Chukua mfuko mmoja wa simiti, umwage kidogo kidogo juu ya mtaa mzima, halafu umwambie mtu auzoe. Tena huo mtaa unatembea.

Aliyejitolea kuuzoa ni Boyan Slat, Mholanzi aliyetangaza wazo lake 2012 akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata alianzisha The Ocean Cleanup, na masomo ya uhandisi wa ndege akayaacha. Sisi wengine tulioacha chuo tunampendea hapo, sitaficha. Na hakukata tamaa. Kufikia 2021 watu wake walikuwa wanavua plastiki kweli, ila sasa kwa wavu mkubwa unaovutwa na meli mbili zinazochoma mafuta. Ile ndoto ya mashine inayojiendesha ilikuwa imerudi kuwa uvuvi.

Kumbe jibu jingine lilikuwepo tangu Mei 2014, bandarini Baltimore. John Kellett alikuwa ameweka gurudumu kwenye mdomo wa mto Jones Falls. Mkondo wa maji unalizungusha, sola inasaidia maji yakipungua nguvu, na mkanda unapandisha taka hadi kwenye kontena. Likapachikwa macho makubwa ya kuchekesha, likaitwa Mr. Trash Wheel. Halifuati taka popote. Linakaa pale zinapopita.

Oktoba 2019 Slat naye alizindua chombo cha mtoni, Interceptor, chenye sola na mkanda wake. Mashine iliyotumwa bahari kuu ikawa imerudi karibu na nyumbani kwa mwenye taka.

Na nyumbani ni wapi? Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, halafu Sabaki, ambayo inamwaga maji baharini karibu na Malindi. Chupa unayoitupa kwenye mtaro River Road ina njia ya kufika Bahari Hindi bila nauli. Agosti 28, 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na hakuna roboti iliyohitajika kuzuia mfuko ambao haukutengenezwa. Chupa bado zinatengenezwa. Kila Wilson mpya akizinduliwa kwa shangwe, mimi nauliza tu: nani analipwa kukaa kwenye huo mtaro kabla mvua haijanyesha?